Hakuna Anayetaka Kuwa Mjinga Peke Yake

Ilikuwa masika, saa tisa za usiku, Kigogo. Mvua ilikuwa imeshika tangu magharibi, na mtaro wa nyuma ya nyumba tuliyopanga ulikuwa unanguruma kama lori linalopanda Kitonga. Nikavaa kandambili, nikabeba viroba viwili vya taka vilivyokuwa nyuma ya mlango wa uani, nikatoka. Kichochoroni nikapishana na mwalimu wa chumba cha pili, anarudi mikono mitupu. "Habari za usiku, jirani." "Nzuri." Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Ukingoni nikamkuta mama mwenye nyumba, khanga kichwani, ndoo mkononi, anangoja maji yapande kidogo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Rusha mbali, visije vikanasa hapa." Nikarusha. Viroba vikazunguka mara moja, vikaondoka.

Asubuhi Jangwani hapapitiki. Nilikaa zaidi ya saa mbili kwenye daladala nikielekea Kariakoo, na nikayalaani mafuriko kwa sauti kubwa pamoja na abiria wenzangu.

Naanza na aibu yangu kwa sababu nimechoka na sentensi moja. Nenda kwenye kikao chochote cha mazingira jijini Dar es Salaam, aongee diwani, mfadhili au mkuu wa idara, mwishoni utaisikia tu: wananchi wapewe elimu. Kwa kawaida husemwa muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, ukumbini, mbele ya watu waliovaa fulana za bure, kila mmoja na chupa yake ya maji ya plastiki mezani. Sasa, usiku ule pale ukingoni hakuna aliyekuwa na upungufu wa elimu. Mwalimu alikuwa anafundisha darasa la tano, na utunzaji wa mazingira ulikuwamo kwenye andalio lake la somo. Niliwahi kuliona mezani kwake. Mama mwenye nyumba alijua kuliko sisi sote, maana Desemba 2011, mwaka ule wa mafuriko yaliyoua watu, maji ya Msimbazi yalimwingilia ndani yakafika usawa wa dirisha. Mimi nilikuwa nimeshaandika makala mbili za kuwasema wanaotupa taka mitaroni.

Tulichopungukiwa ni gari. Ada ya taka tulikuwa tumelipa, risiti ipo, na kampuni iliyokuwa na zabuni ya mtaa ilikuwa haijaonekana wiki ya tatu. Lakini gari peke yake halitoshi kueleza. Tungeweza kuvumilia wiki ya nne. Kilichotutoa vitandani ni hesabu ambayo kila mmoja aliifanya kimyakimya gizani: hata mimi nikijizuia, viroba vya wenzangu vitakwenda na maji usiku huu, mtaro utaziba vilevile, na kesho nitaamka mtaa mzima umeondokana na harufu isipokuwa mimi. Mwema wa peke yake kwenye mtaa kama ule hapati mazingira safi. Anapata funza.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hesabu inayoendesha sehemu kubwa ya tabia zetu za mazingira mjini, nzuri na mbaya. Mkazi wa Dar haogopi gharama sana kama anavyoogopa kuwa boya: kujinyima, kuhangaika, kisha akagundua kwamba wenzake wote wanaendelea na maisha. Ukimwondolea hofu hiyo anabadilika haraka ajabu. Ukimwachia, mpe vipeperushi hadi vijae kabatini.

Tusisingiziane uchafu kwanza. Pita uswahilini saa kumi na mbili asubuhi, Manzese, Buguruni, Mbagala, popote. Utasikia fagio la chelewa kabla hujasikia redio. Uwanja unanyunyiziwa maji, unafagiwa hadi mistari inaonekana mchangani, vyombo vimeanikwa juu ya kichanja. Mwanamke ambaye uwanja wake haujafagiwa ikifika saa mbili atasemwa, na atajua kuwa anasemwa. Halafu fuatilia fagio linakoishia. Linaishia kwenye mpaka. Taka zinasukumwa hadi pale ambapo "kwetu" inakoma, na zikishavuka hapo hazina mwenyewe. Mtaro hausemwi na mtu. Sijawahi kusikia mwanamke akitetwa kisimani kwa sababu mtaro wa barabarani mbele ya nyumba yake ni mchafu, kwa hiyo macho ya jirani, ambayo ni polisi mkali kuliko mgambo yeyote wa manispaa, yanafika ukutani yanageuka.

Kuta zenyewe zinasema. MARUFUKU KUTUPA TAKA HAPA, FAINI 50,000/=. Rangi nyekundu, herufi za kuchongoka, na chini yake lundo. Tumelizoea kiasi kwamba lundo ndilo linalotuelekeza njia: "ukifika pale panapotupwa taka, kata kushoto." Robert Cialdini na wenzake walichapisha mwaka 1990 matokeo ya majaribio yao huko Marekani: waliwabandikia watu vikaratasi kwenye magari, wakatazama nani atavidondosha chini. Palipokwisha kuchafuliwa, watu walidondosha zaidi kuliko palipokuwa pasafi. Lundo la pale ukutani linafanya kazi hiyohiyo. Bango linasema usitupe. Lundo linasema wenzio wote wametupa, na sheria haijawafanya kitu.

Kama mtu anabisha, nampeleka Moshi. Mji ule una sifa ya usafi nchi nzima, na kila aliyepanda basi kutoka Dar anajua kinachotokea. Abiria yuleyule aliyerusha chupa dirishani Chalinze, akishuka stendi ya Moshi anatembea na ganda la ndizi mkononi hadi alione pipa. Hajapewa semina yoyote njiani. Ameangalia chini, ameona hakuna kitu, akaona haya. Akirudi Dar haya ile inaisha kabla mzigo wake haujashushwa. Mtu ni mmoja, elimu ni ileile, kwa hiyo tuache kusema watu wa Dar hawana ustaarabu. Wanao, ila wanausoma kutoka ardhini.

*

Ile nyumba ya Kigogo ilinifundisha jambo la pili, na hili lilikuwa la umeme.

Tulikuwa vyumba sita na mita moja ya LUKU, imefungwa koridoni juu ya mlango wa mbele. Kila mwezi tulichanga: mwenye taa tupu kiwango chake, mwenye televisheni cha kwake, mwenye friji cha juu kabisa. Ukishatoa mchango wako, umeme uliobaki ni wa kufaidi. Mmoja wetu alikuwa na hita ya kuchemshia maji ya kuoga, aliificha chini ya kitanda. Mwingine alipiga pasi nguo za wiki nzima usiku, mlango umefungwa, na asubuhi anakana huku shati lake likimshuhudia. Taa za uani ziliwaka mchana kutwa. Mtu akizizima aliulizwa, "Unamwokolea nani?" Swali lile lilikuwa na mantiki kabisa. Uniti aliyookoa mmoja iligawanywa kwa sita, na aliyekuwa na hita ndiye aliyeinywa.

Bei ya umeme iliongeza chumvi. Kwa viwango tulivyovizoea, mtumiaji mdogo wa majumbani, yule wa tarifa wanayoiita D1, analipa sh 100 kwa uniti kabla ya kodi hadi afikishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidi hapo kila uniti inakuwa sh 350. Mpango mzuri, umelenga kumsaidia asiye na kitu na kumzuia asitumie ovyo. Ila vyumba sita kwenye mita moja haviwezi kuishi na uniti 75. Kwa hiyo punguzo la maskini linamfikia mtu wa peke yake mwenye mita yake, na maskini waliojazana kwenye nyumba moja wanalipa bei ya wenye nafasi. Sijui kama wanaopanga tarifa wamewahi kupanga chumba.

Siku moja mama mwenye nyumba, amechoshwa na kesi za pasi, akaleta fundi akamfungia kila mpangaji mita yake ndogo. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufikia Jumapili nyumba ilikuwa imebadilika kuliko ambavyo kampeni yoyote ingeweza kuibadilisha. Watu walianza kuzima friji usiku. Balbu za zamani zilizokuwa zinakula umeme zikang'olewa. Hita ikatoka chini ya kitanda ikauzwa. Mwalimu, ambaye zamani alilala redio ikiimba, alikuwa anatoka chumbani kila baada ya muda kuchungulia tarakimu zake kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Hakuna aliyetaja mabadiliko ya tabianchi. Kila mmoja aliweza kuona, kwa macho yake, shilingi yake ikipungua, na alijua kwamba akizima taa anayeokolewa ni yeye.

Nilitaka kuimalizia hadithi hii hapo, maana inapendeza, na wachumi wangeipenda. Lakini kuna taa ya koridoni. Zamani iliwaka usiku kucha kutoka mita ya pamoja. Sasa, iunganishwe kwenye mita ya nani? Wiki mbili tulibishana. Kila mmoja alikubali kuwa koridoni panahitaji mwanga na kila mmoja alikuwa na sababu kwa nini usitoke kwake. Basi pakawa giza. Mwalimu akajikwaa kwenye ndoo ya mtu usiku, akachubuka muundi, na hata baada ya hapo pakaendelea kuwa giza hadi nilipohama. Mfuko wa mtu ni mwalimu mkali kwa kilicho chake. Kwa kilicho cha wote, ukimwachia mfuko peke yake, utazima taa.

*

Hilo la mfuko lina sura nyingine kwenye mkaa. Jiji hili lina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na sehemu kubwa ya chakula chao bado inaivia kwenye mkaa unaotoka Pwani, Morogoro, Lindi na mbali zaidi. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya gesi imegawiwa kwenye mikutano mingi, picha zimepigwa.

Nimekaa jikoni na wanawake wengi waliohamia gesi na nimewauliza kwa nini. Sijapata hata mmoja aliyeanza na msitu. Wanaanza na sufuria: gesi haiachi masizi. Wanaendelea na asubuhi, kwamba mtoto anatakiwa kuwa kituoni saa kumi na moja na nusu na jiko la mkaa halijali ratiba ya shule. Wanataja macho na kifua. Wachache, wakicheka, wanakiri kwamba mtungi mezani unasomeka: mgeni akiingia anajua hapa mambo si mabaya. Sababu zote hizo ni halali, na msitu wa Kisarawe haujali mtu aliacha mkaa kwa ajili ya msitu au kwa ajili ya sufuria yake.

Kinachowarudisha kwenye mkaa nacho si ujinga. Mtungi mdogo wa kilo sita ukiisha unadai noti kadhaa kwa mkupuo, siku hiyohiyo, na huo ni mwezi ambao ada ya shule imetoka jana. Mkaa unanunulika kwa pesa ya leo. Unakwenda kwa Mangi na buku lako, anakupimia kopo, maharage yanaiva. Mama ntilie anayeingiza pesa kwa siku hawezi kupanga matumizi yake kama mwenye mshahara, na mkaa unamheshimu kwa hilo kuliko gesi. Kwenye nyumba kadhaa nimeukuta mtungi wa msaada uko chini ya kitanda, au umewekewa mto juu yake na kugeuzwa kiti. Walioanza kuuza gesi yenye mita, unayolipia kidogo kidogo kwa simu, walilielewa hili mapema kuliko wengi wanaohutubia. Na bado kuna wali. Mwanamke wa pwani aliyezoea kupalia makaa juu ya mfuniko, wali wa nazi ukakauka vizuri na ukoko ukashika chini, utamwambia nini kuhusu jiko la gesi? Atakubali kuchemshia chai. Wali ataufikiria.

*

Sasa tuje kwenye mahali ambapo Dar ilibadilika kweli, na kwa ghafla.

Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa itapigwa marufuku kuanzia Juni 1 mwaka huo. Nakumbuka watu walivyocheka. Rambo ife? Rambo ndiyo ilikuwa mkoba wa soko, begi la shule, koti la mvua la bodaboda na, tuseme ukweli, choo cha dharura. Sheria iliwekewa faini ya kuanzia sh 30,000 kwa anayekutwa anautumia, na adhabu nzito mno kwa wazalishaji na waingizaji. Juni ikafika, na ndani ya wiki chache rambo ilikuwa imepotea Kariakoo, Tandale, Temeke Sterio, kote. Vikapu vya ukindu vikashushwa kutoka darini. Watu wakaanza kutembea na mfuko mbadala umekunjwa mfukoni.

Wengi wanadai ni woga wa faini. Siafiki sana. Faini ya ukutani nayo tunaiona kila siku na lundo lipo. Ninavyoona mimi, kulikuwa na mambo mawili. Kwanza, serikali haikuhangaika sana na mamilioni ya wabebaji. Ilibana viwanda na waagizaji, ambao ni wachache na wana anwani. Mfuko haukukataliwa na mnunuzi, haukuwepo tu. Pili, na hili ndilo ninalolipenda, tulibadilika wote siku moja. Muuza nyanya hakuwa na haja ya kuogopa kwamba akiacha kutoa rambo, mteja atahamia meza ya jirani inayotoa. Mteja hakuonekana mshamba kwa kubeba kikapu, maana bosi wa benki naye alikuwa nacho. Ile hesabu ya gizani ya Kigogo, ya "nikijizuia peke yangu," ilifutwa kwa tarehe moja ya kalenda. Miaka miwili kabla, Machi 2017, pombe za viroba zilipopigwa marufuku, vile vipakiti navyo vilipungua mitaroni kwa mtindo huohuo, ingawa pombe yenyewe ilihamia kwenye vichupa.

Halafu kukawa na upenyo. Vile vifungashio laini visivyo na mshikio viliruhusiwa kwa ajili ya kufungia vyakula, na biashara ikaupitia upenyo huo kama maji. Karanga, kisha mchicha, kisha dagaa, kisha kila kitu. NEMC, baraza la taifa la mazingira, imeonya mara kadhaa kwamba vifungashio si vibebeo. Nenda soko lolote leo jioni uhesabu. Muuza mboga mmoja alinijibu vizuri nilipomuuliza: "Kaka, nikimpa mteja mchicha mkononi, yule wa pale anampa kwenye nailoni. Nitauza kwa nani?" Hesabu ya Kigogo imerudi.

Na kuna kitu kingine ambacho hatukitazami kwa sababu hakipo. Ukisimama daraja la Jangwani baada ya mvua utaona kila aina ya taka: nailoni, pampasi, viatu, vifuko vya sabuni. Tafuta chupa ya kioo ya soda. Utatafuta sana. Tangu utotoni, ukienda dukani kuchukua soda unaacha chupa tupu au unaacha pesa ya chupa, na mtoto aliyevunja chupa ya dukani anajua alichopata akifika nyumbani. Hakuna aliyewahi kutuimbia wimbo wa kurejesha chupa. Dhamana ya pesa kidogo ilitosha, kwa sababu haikumtaka mtu awaamini wenzake. Ilimtaka airudishe chupa apate chake. Kisha soda ikahamia kwenye chupa ya plastiki unayoondoka nayo, dhamana ikafa, na kazi ya kuirudisha ikaachiwa watu wenye magunia mgongoni ambao tunawaita wazoa taka kwa sauti ya kuwadharau. Hao ndio wanamazingira wakubwa kuliko wote jijini. Wanaokota kinachopimwa kwa kilo na kununuliwa, na wanaacha kisichonunuliwa. Ukitaka kujua taka ipi ina mfumo na ipi haina, angalia gunia lao.

*

Si kweli kwamba watu wa jiji hili hawapiganii mazingira. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliliburuza Jiji mahakamani kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka moshi na kunuka katikati ya makazi yao, wakashinda. Jiji lilipoomba kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga palepale, Jaji Lugakingira alistaajabu waziwazi kwamba chombo cha umma kinakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa kule nao wakashitaki, na mwaka 1991 wakashinda vilevile. Baadaye zikawa Vingunguti, zikawa Mtoni, leo ziko Pugu Kinyamwezi.

Nikiwaza habari ya Tabata naona watu waliokuwa na vitu vyote ambavyo sisi wa ukingoni hatukuwa navyo. Moshi uliingia kila nyumba, hivyo hakuna aliyeweza kukwepa kuchangia akisema yeye haumhusu. Mshitakiwa alikuwa na anwani. Na jirani alionekana akichanga. Lakini ona pia walichoshinda: walishinda kuhamisha. Nafuu ya Tabata ikawa taabu ya Mtongani. Fagio la asubuhi lilikuwa limepanuka likawa la kata nzima, na bado liliishia mpakani.

Viongozi nao wanajua nguvu ya kuonwa. Desemba 9, 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru akaokota taka kwa mikono yake karibu na Ikulu, na nchi nzima ikatoka na mafagio, kwa sababu siku hiyo aliyebaki ndani ndiye aliyeonekana wa ajabu. Ikazaliwa Jumamosi ya usafi ya kila mwisho wa mwezi. Mtaani kwangu imegeuka kuwa muda wa kusubiri: wenye maduka wanakaa kibarazani mbele ya milango iliyofungwa, wanachezea simu, ikigonga saa nne wanafungua. Fagio moja linaegemezwa ukutani endapo mtendaji atapita.

Mwendokasi nao, yale mabasi yenye njia yao wenyewe, nitautaja kwa kifupi, maana kila msomaji ana hasira zake binafsi. Ulipoanza Mei 2016, nawajua watu watatu wa Kimara walioacha magari nyumbani. Waliniambia ni kwa ajili ya foleni, basi. Mwaka 2018 jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa mradi huo. Nao hao watatu, baada ya kusimama kituoni wakiyatazama mabasi yaliyojaa yakipita na watu wakiingia kwa madirishani, wamerudi kwenye magari yao. Mmoja alisema, "Mimi nahifadhi mazingira, halafu wenzangu wote wananipita na viyoyozi?"

*

Sasa naishi Segerea. Kuna gari la taka, lina siku yake, na kwa sehemu kubwa linafika. Mwaka juzi nilinunua ndoo mbili, ya kijani kwa ajili ya maganda na mabaki ya chakula, ya njano kwa ajili ya vikavu. Familia nzima tulifuata, hata shemeji yangu aliyekuwa anatucheka. Siku ya gari nikazitoa mwenyewe nje, kwa majivuno kidogo. Kijana akanyanyua ya kijani, akamwaga. Akanyanyua ya njano, akamwaga juu yake. Nilipomtazama akanihurumia: "Bosi, zote zinaenda Pugu." Shemeji alikuwa dirishani. Ndoo ya kijani sasa hivi tunalowekea nguo.

Najua kuna mahali wamejaribu tofauti. Kata ya Bonyokwa, si mbali na kwangu, taasisi ya Nipe Fagio ilisaidia kujenga mfumo ambapo wazoa taka wana ushirika wao, wanapita nyumba kwa nyumba, wanachukua taka zilizotenganishwa na zinabaki zimetenganishwa: zinazooza zinakuwa mboji, zinazouzika zinauzwa. Mwenye nyumba anaona ganda lake limefika linakokwenda. Tofauti kati ya Bonyokwa na ndoo zangu haimo kichwani mwa mwenye nyumba. Imo ndani ya gari.

Nyumbani kwangu kilichobaki ni chupa za plastiki, na hilo ni la binti yangu, si langu. Ana miaka 12. Anaziweka kwenye kiroba chini ya karo, kwa sababu kuna kijana anapita na guta kila Jumanne na Ijumaa. "Shikamoo mama, chupa zipo?" "Marahaba, mwulize mwenye mali." Mwenye mali anatoka mbio, kijana anakipima kiroba kwa mkono, anampa mia mbili, wanataniana kidogo kuhusu Simba na Yanga, anaondoka. Kwa mwaka mzima sijaona chupa hata moja kwenye ndoo ya taka. Niliwahi kujaribu kuweka moja, nikakaripiwa.

Kijana hajapita wiki ya tatu sasa. Wengine wanasema bei ya kilo imeshuka, wengine kwamba amepata bodaboda. Kiroba kilijaa, kikafungwa, cha pili kikaanza, chupa zikawa zinabingirika uani usiku upepo ukivuma. Jumanne binti yangu alikaa kibarazani hadi magharibi. Jumamosi asubuhi nilisikia honi ya gari la taka nikiwa bado kitandani, na nilipotoka chini ya karo palikuwa peupe, pamefagiwa. Sikumuuliza mtu.